Ramani za bure za UCLA za wilaya za Bunge la Marekani: tumezipima kwa Wilaya ya 2 ya South Dakota, iliyofutwa 1983

Orodha ya wabunge wa Wilaya ya 2 ya South Dakota ina majina manane: Charles H. Burke, Royal C. Johnson, Theodore B. Werner, Francis Case, E. Y. Berry, James Abourezk, James Abdnor na Clint Roberts. Inaanza 1913, inaishia 1983, na haina pengo hata moja. Ukiisoma ilivyo utaandika kwamba mwaka 1933 Werner alirithi kiti cha Johnson, na utakuwa umekosea. Johnson alikuwa mtu wa Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa jimbo. Werner alitoka Rapid City, karibu na milima ya Black Hills, magharibi kabisa. Namba 2 ilibaki palepale, ila ardhi iliyokuwa chini yake ilihamishwa.

Kosa hili limejaa kwenye maandishi ya watu wanaofuatilia wilaya zilizokufa za majimbo ya mashambani, na chanzo chake ni kuanza na majina badala ya kuanza na ramani. Dawa yake ipo na haiuzwi: mkusanyiko wa ramani za kidijitali wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), ulioandaliwa na Jeffrey B. Lewis, Brandon DeVine, Lincoln Pitcher na Kenneth C. Martis. Ndani yake mna mipaka ya wilaya zote za Baraza la Wawakilishi kuanzia Bunge la 1 la mwaka 1789 hadi Bunge la 114, kila Bunge likiwa ni kipindi cha miaka miwili. Msingi wake ni kazi ya Martis, aliyekuwa amekusanya sheria za mipaka za kila jimbo na kuzichorea atlasi kabla ya enzi ya ramani za kompyuta.

Kwa mipaka ya majimbo ya mashambani tunaupa nyota 5 kati ya 5. Kwa urahisi wa kutumia tunaupa 3. Sababu za alama zote mbili zimo humu.

Unachopakua

Kila Bunge lina kifurushi chake cha zip, chenye jina la districts na namba ya Bunge kwa tarakimu tatu: districts063, districts073, districts098. Ndani ya kila zip mna wilaya za nchi nzima, hata kama unachotaka ni jimbo moja tu la watu wasiofika laki saba. Kwa anayenunua bando la wiki hili ni jambo la kupangia. Ipo njia nafuu: kwenye hazina yao ya GitHub mipaka hiyohiyo imewekwa kwa muundo wa GeoJSON, imegawanywa kwa jimbo na kwa kipindi, na jina la faili linaonyesha Bunge la kuanzia na la kuishia. Anayefuatilia jimbo moja aende huko moja kwa moja. Zip za nchi nzima zinamfaa anayelinganisha majimbo.

Kupata namba ya Bunge, chukua mwaka lilipoanza, toa 1787, gawanya kwa 2. Mwaka 1913 unakupa Bunge la 63, mwaka 1933 unakupa la 73, mwaka 1983 unakupa la 98. Hesabu hii inataka mwaka wa kuapishwa, na wengi huingiza mwaka wa uchaguzi. Mbunge aliyechaguliwa Novemba 1932 yumo katika Bunge la 73, lililoanza Machi 4, 1933. Tangu 1935 mabunge huanza Januari 3, kwa sababu ya Marekebisho ya 20 ya Katiba, kwa hiyo Bunge la 73 lilikuwa fupi kwa miezi miwili kuliko kawaida. Ukichuja ramani nyingine kwa tarehe, kama tutakavyoeleza mbele, tofauti hiyo ya Machi na Januari ina maana.

Njia ya mkato ambayo ukurasa wao hauisemi vya kutosha

South Dakota ilikuwa na wilaya mbili kuanzia Bunge la 73 hadi la 97. Hayo ni mabunge 25, na hakuna haja ya kupakua mafaili 25. Kila umbo kwenye jedwali lina safu mbili, STARTCONG na ENDCONG, zinazosema mpaka huo ulianza kutumika katika Bunge lipi na ukakoma katika lipi. Fungua la 73, chuja South Dakota, soma ENDCONG. Ongeza 1. Namba hiyo ndiyo faili inayofuata unayohitaji. Rudia hadi ufike 97. Unaruka kutoka badiliko hadi badiliko, na mwisho unabaki na mafaili machache tu ambayo kila moja lina kitu kipya.

Kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kazi yenyewe ni hivi. Kunjua zip na uache mafaili yote yenye jina moja mahali pamoja: .shp ina maumbo, .shx ni faharasa yake, .dbf ni jedwali, .prj ndiyo inayoeleza mfumo wa majira, yaani namba za mahali kwenye ramani. Ukihamisha .shp peke yake programu italalamika, au itakuonyesha maumbo yasiyo na jina wala namba. Ukishafungua, weka kichujio "STATENAME" = 'South Dakota'. Ukitaka wilaya moja, ongeza AND "DISTRICT" = '2'. Ile 2 iwekee alama za kunukuu kwanza. Ikirudisha matokeo matupu, zitoe. Wilaya ya jimbo zima, yaani pale mbunge anapochaguliwa na wapigakura wote wa jimbo, imeandikwa 0. Basi ukichuja namba 1 kwenye Bunge la 98 utaona jedwali tupu. Jedwali halina hitilafu. South Dakota ya 1983 haina wilaya ya 1.

Mengine yaliyomo kwenye jedwali yanafaa zaidi ya ramani yenyewe. Safu ya LAW inataja sheria iliyoweka mpaka, na ile ya COUNTY inaeleza kaunti zilizomo. Hapo muundo wa faili unaleta tabu ya zamani: .dbf haipokei jina la safu lenye zaidi ya herufi 10, wala maandishi ya zaidi ya herufi 254 katika kisanduku kimoja. Ukiona orodha ya kaunti imekatika katikati ya neno, usidhani wilaya imeishia hapo. Linganisha na GeoJSON, ambayo haina kikomo hicho.

Sasa ramani inavyosema

Weka Bunge la 63 na la 73 juu ya meza moja na South Dakota itajieleza yenyewe. Kuanzia ilipopata hadhi ya jimbo, Novemba 2, 1889, hadi 1913 wabunge wake walichaguliwa na jimbo zima. Sensa ya 1910 ikaipa viti vitatu, na kwa mara ya kwanza ikagawanywa wilaya. Magharibi mwa mto Missouri, eneo ambalo wenyeji huliita West River, kulikuwa kimsingi kwa Wilaya ya 3: Eben Martin wa Deadwood, kisha Harry Gandy, kisha William Williamson. Wilaya ya 2 ya wakati huo ilikuwa mashariki ya mto. Ndiyo iliyompa nafasi Royal Johnson, mmoja wa wabunge 50 waliopinga vita dhidi ya Ujerumani katika kura ya Aprili 1917, ambaye baadaye alijiandikisha jeshini akiwa bado mbunge, akapigana Ufaransa na kujeruhiwa huko.

Baada ya sensa ya 1920 Bunge lilishindwa kukubaliana juu ya mgao mpya wa viti, kwa hiyo South Dakota ikakaa na vitatu muongo mzima. Sensa ya 1930 ndiyo iliyopunguza kimoja. Jimbo likakatwa sehemu mbili kwa mstari wa Missouri: mashariki Wilaya ya 1, magharibi Wilaya ya 2. Johnson hakugombea tena 1932. Williamson wa iliyokuwa Wilaya ya 3 aligombea, akaangushwa na Mdemokrasia Werner katika mwaka ambao Roosevelt alizoa kura nchi nzima. Kwa ardhi na wapigakura, basi, mtangulizi wa Werner ni Williamson. Orodha ya namba haitakuambia hilo hata uisome mara mia. Ramani inakuambia kwa kutazama tu.

Kutoka hapo Wilaya ya 2 ikawa ya West River kwa muda mrefu: Werner kwa mihula miwili, Francis Case kuanzia 1937 hadi alipohamia Seneti mwaka 1951, E. Y. Berry kuanzia 1951 hadi 1971. Kati ya Case na Berry Warepublican walikishika kiti kwa miaka 34 mfululizo, ndipo Abourezk akakichukua katika uchaguzi wa 1970. Alikaa muhula mmoja, akaenda Seneti na kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kiarabu kukaa humo. Aliyempokea, James Abdnor wa chama pinzani, naye alikuwa na asili ya Lebanon. Wilaya ya wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa ngano, katikati ya bara, ilichagua watu wawili wa asili hiyo mfululizo. Tungependa kuona jambo hili likiandikwa zaidi kuliko linavyoandikwa.

Tazama pia kinachotokea ukiweka tabaka la maeneo ya wenyeji asilia juu ya wilaya hii. Pine Ridge, Rosebud na Cheyenne River yote yamo upande wa magharibi. Lakini mtu wa kwanza wa kabila la Lakota kuingia Bungeni, Ben Reifel, aliyezaliwa Rosebud, alichaguliwa na Wilaya ya 1, mashariki, akakaa humo kuanzia 1961 hadi 1971. Anayedhani kwamba mbunge hutokana na mahali alipozaliwa atamweka upande usio wake.

Kipimo: jumlisha watu

Njia bora ya kujua kama ramani inasema kweli ni kuhesabu watu waliomo ndani ya mpaka na kulinganisha na namba rasmi. Kwa South Dakota namba hiyo ipo. Katika kesi ya Wesberry v. Sanders, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Februari 17, 1964, Jaji Harlan aliyepinga uamuzi aliambatisha jedwali la tofauti za wilaya kwa kila jimbo. South Dakota imeandikwa hivi: wilaya kubwa watu 497,669, wilaya ndogo 182,845, tofauti 314,824. Jumla yake ni 680,514, ambayo ndiyo idadi ya jimbo katika sensa ya 1960.

Chukua sensa ya 1960 kwa kaunti, uhesabu zile zilizo magharibi mwa Missouri tu. Zilikuwa 23. Pennington, yenye Rapid City, ina 58,195. Lawrence 17,075. Meade 12,044. Fall River 10,688. Tripp 8,761. Kisha zinaanza kupungua: Custer 4,906, Harding 2,371, Jones 2,066, Jackson 1,985, hadi Washabaugh yenye watu 1,042. Ukimaliza zote 23 unapata 182,845, bila kuzidi wala kupungua mtu. Ramani ya UCLA, sensa na jedwali la Harlan vinakutana kwenye namba moja. Kipimo cha namna hii hakiwezekani kwa wilaya za New York au Chicago za zama hizo, zilizokata mitaa na kata katikati. Ndiyo sababu tunasema mkusanyiko huu unang'aa kwenye majimbo ya mashambani: mpaka unafuata kaunti nzima nzima, na kaunti inajulikana ilipo.

Namba hizo pia zinaeleza kilichofuata. Kura moja ya West River ilikuwa na uzito wa karibu kura 2.7 za mashariki. Hukumu ya Wesberry ilitaka wilaya za jimbo moja zikaribiane kwa idadi ya watu kadiri inavyowezekana. Nusu ya 680,514 ni 340,257, na magharibi yote haikufika hata laki mbili. Hapakuwa na namna: mstari ulilazimika kuvuka mto kwenda mashariki. Hapa tena ile hila ya ENDCONG inakupeleka moja kwa moja kwenye Bunge ambamo umbo lilibadilika. Na hapa tena kuna tahadhari: ukilinganisha kura za Berry wa mwanzo na za Abdnor wa mwisho kana kwamba ni wapigakura walewale, unalinganisha wilaya mbili tofauti zenye namba moja.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kaunti ndizo zinazosumbua zaidi. Mtu huchukua ramani ya kaunti za leo, anaiweka chini ya wilaya ya 1933, kisha anashangaa majina hayaoani. Mwaka 1933 kulikuwa na kaunti ya Washington, iliyomezwa na Shannon mwaka 1943, na Armstrong, iliyomezwa na Dewey mwaka 1952. Washabaugh nayo baadaye ikaingia Jackson. Shannon yenyewe ikabadilishwa jina kuwa Oglala Lakota mwaka 2015, na namba yake ya utambulisho ya serikali ikahama kutoka 46113 kwenda 46102. Ukiunganisha majedwali kwa namba hiyo, kaunti yenye sehemu kubwa ya Pine Ridge inatoweka kimyakimya, na jumla yako inapungua bila programu kutoa onyo lolote.

Tiba ni kutumia ramani ya kaunti ya wakati husika. Maktaba ya Newberry ya Chicago inatoa bure atlasi ya mipaka ya kihistoria ya kaunti hadi mwaka 2000, kila jimbo na faili lake. Kila umbo lina tarehe ya kuanza na ya kuisha, pia kwa muundo wa namba. Kwa siku ya kwanza ya Bunge la 73 chuja "START_N" <= 19330304 AND "END_N" >= 19330304, na utabaki na kaunti za siku hiyo tu. Kwa mabunge ya 1935 na kuendelea tumia Januari 3. Usitumie tarehe ya uchaguzi ikiwa unachohesabu ni eneo aliloliwakilisha mbunge akiwa kitini.

Ukishakuwa na tabaka mbili, usizikate kwa kuzipitisha moja juu ya nyingine. Mistari ya UCLA na ya Newberry haikuchorwa kwa mkono mmoja, kwa hiyo kwenye kila mpaka utapata vipande vyembamba vya ardhi ambavyo programu itavihesabu kama sehemu ya kaunti jirani. Kwa kaunti nzima nzima, tengeneza nukta moja ndani ya kila kaunti kwa zana inayohakikisha nukta inaangukia ndani ya umbo, kisha uliza nukta hiyo imo wilaya gani. Vipande vyote vinaisha. Zana ya kitovu cha kawaida epuka, maana kwa kaunti yenye umbo la kupinda kitovu kinaweza kuangukia nje.

Eneo la wilaya nalo hukosewa sana. Majira ya faili ni ya digrii. Kwenye QGIS, $area hufuata duaradufu iliyowekwa kwenye mradi na hutoa jibu la kuaminika, lakini area() ya umbo hutoa digrii za mraba, namba isiyo na maana yoyote. Badilisha tabaka liwe EPSG:5070, ambao ni mfumo wa Albers unaolinda eneo kwa Marekani bara, ndipo upime. Usipime kamwe kwenye mfumo wa ramani za mtandaoni za kawaida. Huko South Dakota inavimba.

Programu ikikataa kukata au kuunganisha kwa sababu ya umbo batili, pitisha tabaka kwenye zana ya kurekebisha maumbo kabla ya hatua nyingine yoyote. Wanaotumia lugha ya kompyuta ya R na kifurushi chake cha sf waanze na st_make_valid. Ikigoma, wazime hesabu za tufe kwa sf_use_s2(FALSE) kisha wajaribu tena. Maumbo yaliyochorwa kutoka ramani za karatasi mara nyingine hujikata yenyewe. Ni kero ya kweli na inastahili kupunguza alama.

Usihangaike, hata hivyo, ukiona mpaka wa 1933 unapita katikati ya maji mapana ukiweka picha ya setilaiti ya leo. Missouri ya South Dakota imefungwa mabwawa manne: Gavins Point, Fort Randall, Big Bend na Oahe, yaliyotokana na mpango wa serikali wa 1944. Mto ulikuwa mwembamba wakati mpaka ulipopitishwa kati yake. Maji ndiyo yaliyotanuka.

Kwa nini ilifutwa, na jedwali gani linathibitisha

Ramani haikuambii sababu ya kifo. Kwa hiyo unahitaji majedwali ya mgao wa viti ya Ofisi ya Sensa, nayo ni ya bure. Mwaka 1930 South Dakota ilikuwa na watu 692,849. Mwaka 1980 ilikuwa na 690,768. Miaka hamsini, na watu wamepungua elfu mbili. Viti vya Baraza vilibaki 435, lakini wastani wa watu kwa kila kiti ulipanda kutoka takriban 280,000 hadi takriban 519,000.

Kanuni inayotumika, iliyowekwa kwa sheria ya 1941, inampa kila jimbo kiti kimoja, kisha viti 385 vilivyobaki vinagombaniwa kwa namba ya kipaumbele. Kwa kiti cha pili unagawanya idadi ya watu kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41421. South Dakota ya 1980 inapata kama 488,400. Montana, yenye watu 786,690, inapata kama 556,300. Montana ikabaki na viti viwili, South Dakota ikabaki na kimoja.

Kuna mtego kwenye jedwali la 1930: idadi iliyotumika kugawa viti ni ndogo kuliko idadi ya sensa. Katiba iliwatoa kwenye hesabu wenyeji asilia wasiolipa kodi, na utaratibu huo uliendelea hadi mgao wa 1930. Kwa jimbo lenye maeneo mengi ya wenyeji hao tofauti inaonekana wazi. Taja daima ni namba ipi umechukua.

Uchaguzi wa 1982 ukawakutanisha wabunge wawili waliokuwa kazini kugombea kiti kimoja: Tom Daschle wa Wilaya ya 1, Mdemokrasia, na Clint Roberts wa Wilaya ya 2, Mrepublican aliyekuwa na muhula mmoja tu. Daschle alishinda kwa karibu asilimia 52. Miaka minne baadaye akamwondoa Abdnor kwenye Seneti, na hivyo wabunge wawili wa mwisho wa Wilaya ya 2 wote waliangushwa na mtu yuleyule.

Vya kuongezea, kwa ufupi

Kamusi ya wasifu ya Bunge, inayoitwa Bioguide, ni nzuri kwa tarehe na vyama, na kila mbunge ana namba ya kudumu: Abdnor ni A000009, Abourezk ni A000017. Tumia namba hizo kuunganisha majedwali. Majina hayafai, maana Johnson ni wengi. Upungufu wake ni kwamba wasifu kwa kawaida husema mtu alichaguliwa kwenye Bunge la ngapi bila kutaja wilaya. Ukiitegemea peke yake unarudi kwenye kosa la Johnson na Werner.

Takwimu za uchaguzi za Karani wa Baraza zinaanza na uchaguzi wa 1920 na zinataja wilaya. Hazina kura za kaunti. Hizo zimo kwenye kitabu rasmi cha jimbo cha kila miaka miwili. Tovuti ya Voteview ni bora kwa kura za ndani ya Baraza, ila namna yake ya kuandika namba ya wilaya ya jimbo zima hailingani na ile 0 ya UCLA, kwa hiyo angalia mistari ya jimbo lako kabla ya kuunganisha. Kwa magazeti ya zamani, Chronicling America ya Maktaba ya Bunge haina mshindani, ingawa maandishi yaliyosomwa na mashine yana makosa: tafuta jina la mgombea pamoja na jina la mji, usitafute namba ya wilaya.

Ukimaliza South Dakota, majimbo yanayofaa kwa njia hiyohiyo ni Nebraska, iliyopoteza Wilaya ya 4 mwaka 1963, na North Dakota, iliyobaki na kiti kimoja tangu 1973. Montana inahitaji uangalifu zaidi: Wilaya yake ya 2 ilifutwa 1993 ikarudi 2023, na mkusanyiko wa UCLA unaishia kabla ya kurudi huko. Kwa mpaka mpya chukua faili la mipaka la Ofisi ya Sensa, liitwalo TIGER, ulihifadhi kama tabaka la peke yake, na usiliunganishe na la zamani kwa sababu tu yote mawili yameandikwa namba 2.